Krimu ya Korosho na Tui: Kokteli ya Kufungia Mlo Katika Jiko la Mtwara

Nyumba ya kawaida ya Mtwara ina krimu ya kutosha kutengeneza kinywaji kizito na kitamu cha baada ya chakula cha jioni, hata kama haina ng'ombe wala haijui duka kubwa la vyakula. Krimu hiyo imo ndani ya korosho zinazouzwa kwa kipimo barabarani, na imo ndani ya nazi inayosubiri kukunwa. Hata hivyo, mgeni anayeagiza kokteli ya krimu kwenye baa au hoteli ya mji huu, kwa kawaida ataletewa kitu kilichochanganywa na Amarula ya Afrika Kusini au Baileys ya Ireland. Chupa hizo zimesafiri maelfu ya kilomita hadi kufika kwenye mkoa unaotajwa kila msimu kwa korosho zake. Gharama ya safari hiyo mnywaji huilipa mwenyewe.

Si kwamba vinywaji hivyo ni vibaya. Ni vizuri, na historia yao inampa moyo mtu yeyote anayetaka kujaribu nyumbani, kwa sababu vilizaliwa katika mazingira madogo kuliko matangazo yake yanavyoonyesha. Mwaka 1973 wabunifu wawili wa biashara, David Gluckman na Hugh Seymour-Davies, walikuwa wakifanya kazi katika mtaa wa Soho, London. Mteja wao alitaka kinywaji kipya cha kuuza nje ya Ireland. Walinunua wiski ya Jameson na krimu ya dukani, wakachanganya, wakaona ladha haijakaa sawa. Wakarudi dukani, wakaongeza sukari na unga wa chokoleti ya kunywa wa Cadbury. Kazi yote hiyo haikumaliza saa nzima. Mwaka uliofuata, 1974, Baileys ikaingia sokoni.

Kabla ya hapo palikuwa na Alexander, ambayo wahudumu wa baa wanaihesabu miongoni mwa wazee wa kokteli za krimu. Hugo Ensslin, aliyekuwa mhudumu mkuu wa baa katika Hotel Wallick ya New York, aliiandika katika kitabu chake cha mwaka 1916 kwa kipimo ambacho mtoto wa shule anaweza kukikariri: fungu moja la jini, fungu moja la pombe tamu ya kakao, fungu moja la krimu. Baadaye watu waliweka brandi mahali pa jini, na toleo hilo ndilo linalojulikana zaidi leo. Lakini ile ya kwanza, ya jini, ndiyo inayomfaa Mtanzania, kwa sababu tunayo pombe yetu inayokaribiana sana na jini.

Amarula nayo ilikuja mwaka 1989, na ina undugu na nchi hii ambao wengi hawaufahamu. Tunda lake ni la mng'ongo, mti wa porini unaoota kuanzia Afrika Magharibi hadi kusini kabisa mwa bara. Wataalamu wa mimea wanaugawa mng'ongo katika jamii ndogo tatu, na zote tatu zinapatikana Tanzania. Huko Afrika Kusini tunda huchachushwa, hutoneshwa, pombe yake hulazwa kwenye mapipa ya mwaloni, kisha huchanganywa na krimu ya maziwa hadi kilevi kikafikia asilimia 17.

Krimu ya maziwa ndiyo kikwazo kwa jiko la kusini. Kwa vizazi vingi mbung'o walifanya ufugaji wa ng'ombe kuwa mgumu katika sehemu kubwa ya Lindi, Mtwara na Ruvuma, na utamaduni wa mapishi ukajengwa bila maziwa. Mchuzi, wali, samaki, mboga za majani, hata maandazi, vyote vilitafuta utamu wa mafuta kwenye nazi, karanga, ufuta na korosho. Mpishi wa Mikindani au Msimbati anajua kukuna, kukamua na kuchuja tangu utotoni. Ujuzi huo ndio hasa unaotakiwa katika kokteli hii.

Mkorosho ni mgeni aliyezoea mpaka akawa mwenyeji. Asili yake ni Brazil, na Wareno ndio walioupandisha meli hadi pwani za Msumbiji na Goa katika karne ya 16. Kutoka upande wa pili wa Mto Ruvuma ulivuka kuja huku, ukakuta udongo wa kichanga na kiangazi kirefu, hali ambazo mazao mengi hayazipendi. Kufikia msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takriban tani 145,000, kisha zao likaanguka vibaya. Watu walihamishiwa vijijini wakayaacha mashamba yao mbali, bei ikawa ndogo, na ugonjwa wa ubwiriunga, ukungu mweupe unaokausha maua, ukaingia mashambani. Katikati ya miaka ya 1980 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Kurudi kwake kulitokana kwa kiasi kikubwa na kazi ya kituo cha utafiti cha Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara, ambako watafiti walifundisha matumizi ya salfa dhidi ya ubwiriunga na kuzalisha miche bora. Msimu wa 2017/18 nchi ilivuna zaidi ya tani 300,000.

Sehemu kubwa ya mzigo huo huondoka ikiwa korosho ghafi, na maganda yake, kwenda India na Vietnam, ambako hubanguliwa na kuuzwa tena duniani kwa bei ya juu. Jambo hili limeumiza kusini kwa miaka mingi. Viwanda vya kubangulia vilivyojengwa tangu miaka ya 1970 vingi vilikaa kimya kwa muda mrefu, na kila serikali imeahidi kuvifufua au kujenga vipya. Glasi moja ya kokteli haiwezi kubadilisha biashara hiyo. Lakini jiko linalotumia korosho kama chakula cha kila siku, badala ya kuitazama kama zao la kupeleka mnadani tu, linafungua soko dogo la karibu kwa akina mama wanaobangua kwa mikono na kuuza kwenye mifuko midogo kando ya barabara.

Kwa kinywaji hiki mpishi anatafuta korosho zilizobanguliwa, nyeupe, ambazo hazijakaangwa kwa chumvi. Wala hana haja ya kununua zile nzimanzima zenye bei ya juu. Vipande vilivyovunjika wakati wa kubangua vina ladha ileile na hugharimu kidogo, na kwa kuwa vitasagwa, umbo lao halina umuhimu wowote. Asijaribu kubangua korosho ghafi jikoni kwa ajili ya glasi chache. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayounguza ngozi, na moshi wake ukichomwa ni mbaya kwa macho na mapafu. Kazi hiyo aiache kwa wenye vifaa na uzoefu.

Nazi haihitaji utangulizi kwa watu wa pwani hii. Ukiacha mji na kuelekea Msimbati, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma iliyotangazwa mwaka 2000, minazi inakufuata hadi ufukweni. Kinachotakiwa ni nazi iliyokomaa. Dafu na koroma hazina mafuta ya kutosha. Ikunwe kwa mbuzi, itiwe maji ya moto kidogo sana, ikamuliwe na kuchujwa. Tui la kwanza peke yake, lile zito ambalo wengi wa pwani huliita kasimile, ndilo linaloingia kwenye kokteli. Tui la pili na la tatu yabaki kwa ajili ya wali.

Sasa swali ambalo mpishi makini ataliuliza: kama tui lipo, korosho za nini? Au kama korosho zipo, kwa nini kujisumbua na nazi?

Jibu liko kwenye mafuta yenyewe. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi za Selsiasi. Mtu yeyote wa Mtwara amewahi kuona chupa ya mafuta ya nazi ikiwa nyeupe na ngumu asubuhi ya Juni au Julai, kisha mchana ikawa maji tena. Kokteli hunywewa ikiwa baridi sana, karibu na joto la barafu. Tui likimwagwa juu ya barafu bila msaada, mafuta yake huganda na kuwa chembechembe ndogo zinazoonekana ukutani mwa glasi na kusikika ulimini, mfano wa nta. Ladha ni nzuri, ila mdomo unakataa.

Korosho ina mafuta mengi pia, karibu asilimia 44 ya uzito wake, lakini mengi ni ya aina inayofanana na mafuta ya zeituni, hivyo hubaki laini hata kwenye friji. Pamoja na mafuta hayo kuna protini karibu asilimia 18 na kiasi kizuri cha wanga. Protini huyafunika matone ya mafuta yasishikamane. Wanga nao, ukipashwa moto taratibu ndani ya maji, hufura na kuufanya mchanganyiko uwe mzito kama uji mwepesi. Korosho peke yake basi hutoa krimu nzuri, isiyoganda, ambayo ina upungufu mmoja: harufu yake ni ya upole mno, na pombe kali huimeza. Nazi ndiyo inayoleta harufu. Kwa hiyo korosho hubeba uzito na ulaini, tui hubeba harufu, na kipimo kinachofanya kazi ni korosho kuzidi nazi.

Kuna adui wengine wa krimu hii. Kila aliyewahi kupika mchuzi wa nazi anajua tui linavyokatika likichemka bila kukorogwa: protini zinazoshikilia matone ya mafuta huiva na kujikunja, mafuta yakaachwa huru, yakaelea juu. Pombe kali hufanya kazi inayofanana na hiyo bila moto. Ikimiminwa kwa wingi na ghafla juu ya krimu kidogo, protini hujikusanya na kinywaji huonekana kama maziwa yaliyoganda vibaya. Ndimu na matunda machachu hufanya vivyo hivyo. Viwanda vya Baileys na Amarula hukabiliana na tatizo hili kwa mashine zinazopasua matone ya mafuta yawe madogo sana, na ndiyo maana chupa zao hukaa rafuni miezi mingi bila kutengana. Jiko la nyumbani halina mashine hizo. Lina utaratibu tu, na utaratibu unatosha kwa kinywaji kitakachonywewa usiku uleule.

Tuanze na krimu. Gramu 100 za vipande vya korosho, ambazo ni kama robo tatu ya kikombe cha chai, huoshwa na kulowekwa kwenye maji safi kwa saa nne. Mwenye haraka amwagie maji yanayochemka na asubiri nusu saa. Maji ya kulowekea humwagwa. Korosho husagwa kwenye blenda pamoja na mililita 250 za maji mapya, si chini ya dakika mbili, hadi ukitia tone kati ya vidole usisikie chenga. Kisha huchujwa kwa kitambaa safi cha pamba. Anayependa ladha nzito zaidi achukue robo ya korosho hizo na kuzikaanga kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, mpaka zianze kunukia na kugeuka rangi kidogo. Hapo ndipo utamu wa korosho za barabarani unapoingia kwenye glasi bila chumvi yake.

Tui hilo la korosho huwekwa kwenye sufuria juu ya moto mdogo pamoja na vijiko vinne vya chakula vya sukari, punje tatu za iliki zilizotwangwa, na chumvi ya kushika kwa ncha za vidole viwili. Hukorogwa bila kuacha. Baada ya dakika chache huanza kuwa zito na kushika mgongo wa mwiko. Hapo sufuria hutolewa motoni mara moja, maana likiendelea litakuwa zito kupita kiasi. Likipoa na kuwa vuguvugu, ndipo kasimile, mililita 100, inaingizwa huku mpishi akikoroga. Nazi isichemke kabisa. Mchanganyiko huu huingia kwenye friji kwa saa mbili au zaidi, na unatosha glasi tano.

Wapo wanaopenda kutumia maziwa mazito ya kopo yenye sukari kurahisisha kazi. Yanawezekana, lakini utamu wake hufunika korosho yote, na mtu akishafika hapo ni afadhali anunue tu chupa ya Amarula.

Kiungo cha pili ni kahawa, na hapa pia kusini inajitosheleza. Wilaya ya Mbinga, kwenye milima ya Wamatengo mkoani Ruvuma, inalima arabika, na barabara ya lami inayoshuka kutoka Mbinga na Songea kupitia Tunduru na Masasi inafika hadi bandari ya Mtwara. Kahawa ichemshwe nzito, vijiko viwili vilivyojaa kwa mililita 150 za maji, ichujwe, ipoe kabisa. Uchungu wake unapunguza utamu wa krimu, na bila uchungu kinywaji cha aina hii huchosha baada ya mafundo matatu. Mwenye kupenda kakao anaweza kutumia unga wa kakao usio na sukari badala ya kahawa. Kakao ya Tanzania sehemu kubwa hutoka Kyela.

Kisha pombe. Konyagi, inayotengenezwa Dar es Salaam na kampuni ya Tanzania Distilleries Limited, ina kilevi cha asilimia 35 na harufu nyepesi ya viungo inayoielekeza upande wa jini. Inakaa vizuri mahali pa jini ya Ensslin. Ramu inafaa pia kwa anayependa ladha ya sukari iliyoungua. Wiski inaelewana na korosho zilizokaangwa.

Kwa glasi moja, chukua chupa ya mdomo mpana yenye mfuniko unaobana, kama ile ya jemu au ya siagi ya karanga. Barafu vipande sita huingia kwanza, na barafu hiyo iwe imegandishwa kutoka maji yaliyochemshwa. Zifuate mililita 60 za krimu baridi na mililita 20 za kahawa, kisha mililita 40 za Konyagi, zikimiminwa polepole mwishoni. Mpangilio huo una sababu: pombe ikikuta krimu nyingi iliyo baridi, hutawanyika kabla ya kuzidhuru protini. Mfuniko hufungwa barabara na chupa hutikiswa kwa nguvu, sekunde 15 hadi mkono uhisi baridi kali. Mtikisiko unafanya kazi tatu kwa mpigo: unapoza, unaingiza hewa inayotoa povu, na unayeyusha barafu kiasi cha kulainisha kilevi. Kinywaji huchujwa kwa chujio la chai kwenye glasi ndogo, na juu yake hukunwa kungumanga kidogo ya Zanzibar. Glasi ikiwa imekaa kwenye friji mapema, povu hudumu zaidi.

Hesabu ya kilevi ni ya lazima kwa kinywaji kinachoteleza namna hii. Mililita 40 za Konyagi zina mililita 14 za kilevi halisi. Barafu ikishayeyuka kidogo, glasi nzima hufika mililita 150 hivi, kwa hiyo nguvu yake ni takriban asilimia 9. Kwa kulinganisha, chupa ya bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina mililita 25. Glasi moja ya kokteli basi ni zaidi kidogo ya nusu ya bia hiyo. Tatizo ni kwamba sukari na mafuta hufunika ukali, na mtu anaweza kumaliza glasi tatu kwa muda ambao angemaliza bia moja. Mwenyeji mwema hutoa glasi moja, pengine mbili, baada ya watu kula na kushiba. Anayerudi nyumbani kwa pikipiki anahesabika tofauti, naye apewe ile isiyo na pombe.

Kuna mahali ambapo mwandishi wa mapishi ya Mtwara hapaswi kuwa mpole, na mahali hapo ni gongo, pombe kali ya kienyeji. Msimu wa korosho unapoanza, mabibo, matunda ya mkorosho, huanguka kwa wingi kuliko mtu yeyote anavyoweza kula, na bibo likishatoka mtini huharibika ndani ya siku moja. Kwa miaka mingi watu wa vijiji vya kusini wamechachusha maji yake, wengine wakayatonesha kuwa pombe kali. Pombe hiyo haina leseni, haina kipimo, na mnywaji hawezi kujua kwa kuonja kama imechanganywa na methanoli. Methanoli inanukia na kuonjeka kama kilevi cha kawaida, lakini mwilini hugeuka sumu inayoshambulia mishipa ya macho. Mililita 10 tu zinaweza kumpofusha mtu. Krimu na iliki haziisafishi. Zinaificha tu. Pombe ya kuingia kwenye kokteli itoke kwenye chupa iliyofungwa, yenye stempu ya kodi, kutoka kwa muuzaji anayejulikana.

Inasikitisha, kwa sababu mambo yangeweza kuwa vinginevyo. Goa, ambako Wareno waliupeleka mkorosho ule ule, pombe ya mabibo iitwayo feni inatengenezwa kwa leseni, na mwaka 2009 ilisajiliwa rasmi nchini India kama bidhaa yenye utambulisho wa eneo lake. Wageni huinunua kwa fahari. Mabibo ya Tandahimba na Newala yanastahili viwanda vya juisi, jemu, mvinyo na hata pombe iliyopimwa, badala ya kuozea chini ya miti huku vijana wakinywa kitu kisichojulikana.

Aliyejaribu kuchanganya juisi ya mabibo na krimu ya korosho atakuwa ameona jambo la ajabu: bibo na korosho, vilivyokaa kwenye kikonyo kimoja, havipatani ndani ya glasi. Bibo lina uchachu, na lina tanini nyingi, ile inayokausha ulimi na kukaba koo. Tanini hunasa protini za korosho na kuzifanya mabonge. Anayetaka vyote viwili kwenye meza moja avitoe kwa glasi tofauti, juisi ya bibo mwanzoni mwa mlo na krimu mwishoni.

Wakazi wengi wa pwani kutoka Mikindani hadi maingilio ya Ruvuma ni Waislamu, na katika nyumba zao kinywaji cha baada ya chakula hakina pombe. Kwao mila ya kufunga mlo ipo tayari, nayo ni ya zamani kuliko Alexander: kahawa chungu kwenye vikombe vidogo, ikisindikizwa na kashata au halua. Uchungu na utamu vinakutana mdomoni. Krimu ya korosho na tui huingia katika mila hiyo bila kuivunja. Kinachokosekana pombe ikiondolewa ni ule mwasho wa koo unaokata mafuta, na mwasho huo hupatikana kwenye tangawizi. Kipande cha ukubwa wa kidole gumba hupondwa na kuchemshwa pamoja na kahawa, kisha huchujwa. Mililita 60 za krimu, mililita 60 za kahawa hiyo ya tangawizi ikiwa imepoa, barafu, mtikiso uleule, na karafuu iliyosagwa kidogo sana juu yake. Watoto wapewe bila kahawa, kwa kakao.

Kusema kweli, toleo hili la pili ndilo linaloonyesha korosho vizuri zaidi. Konyagi inakuja na sauti yake, wakati tangawizi inapisha haraka na kuacha ladha ya korosho ikae mdomoni kwa muda. Wakati wa Ramadhani, baada ya futari nzito ya mihogo na samaki, glasi ndogo ya namna hii inafaa kuliko soda.

Tahadhari mbili zimebaki. Korosho ni miongoni mwa vyakula vinavyowadhuru vibaya watu wenye mzio wake, na ndani ya kinywaji cheupe chenye iliki hazionekani, kwa hiyo mgeni aulizwe kabla ya kupewa. Pia krimu hii haina uhai wa chupa za kiwandani. Kwenye friji hukaa siku mbili, au tatu kama tui lilikamuliwa kwa mikono na vyombo safi. Ikianza kunuka uchachu imwagwe. Umeme ukikatika usiku kucha, isijaribiwe asubuhi.

Ikibaki nzima na salama, humiminwa kwenye vikombe vidogo na kuwekwa kwenye sehemu ya kugandishia. Ile isiyo na pombe hugeuka malai ambayo watoto huimaliza kabla ya saa saba mchana. Ile yenye Konyagi haigandi sawasawa, kwa kuwa kilevi hushusha kiwango cha baridi kinachohitajika, na hubaki laini ya kula kwa kijiko. Mabaki ya korosho yaliyobaki kwenye kitambaa, pamoja na chicha ya nazi, hayatupwi. Hukaangwa kwenye shira ya sukari na iliki mpaka yashikane, yakatandazwa kwenye sinia lililopakwa mafuta na kukatwa yakiwa bado moto, na hizo ndizo kashata za kunywea kahawa kesho yake.